Kiko Kilichorudi Cheupe

Mwezi uliopita, pale soko la Mwanga, nilimtukana mtu ambaye hakunikosea kitu.

Jamaa wa watu alikuwa ametandika turubai lake, amepanga vikorokoro vya zamani vya kuuzia wageni: saa ya mfukoni isiyotembea, kufuli kubwa la enzi za Mjerumani, sarafu zenye tundu katikati, na viko vitano vya Kizungu vilivyolazwa kwa mstari, vinang'aa. "Karibu, dada," akaniambia, "mchukulie mzee wa nyumbani hiki. Nimekisafisha mwenyewe. Utadhani kimetoka kiwandani jana." Na kweli kilikuwa kisafi. Kisafi mno. Mwanangu alikuwa mgongoni ananivuta hereni, na mimi nikasikia harufu ya nta ya nyuki na tumbaku iliyolala miaka, ikanipanda moja kwa moja hadi kichwani. Nikamuuliza, "Mwenyewe alikuambia ukisafishe?" Akacheka. "Mwenyewe si yuko kaburini, dada yangu, atasemaje?" Basi hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sitarudia niliyosema. Mama mmoja muuza dagaa alimziba mjukuu wake masikio. Nikaondoka bila nyanya wala vitunguu nilivyofuata, na jioni tukala ugali na mawese matupu, mume wangu ananitazama tu.

Wewe tunajuana, kwa hiyo nitakueleza kilichonipata. Yule jamaa hana kosa. Kosa ni letu, la nyumba moja ya Ujiji, na ni la siku nyingi.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Mama mwenyewe alikuwa Dar es Salaam kwenye kazi za ndani, na alipokuja tulimwona kama mgeni wa sikukuu: analeta biskuti, analia, anaondoka. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya tofali za udongo, na ukisimama dirisha la nyuma uliona kipande cha ziwa katikati ya mapaa mawili. Asubuhi ilianza kwa adhana, kisha jirani akaanza kutwanga chikichi kwenye kinu, du, du, du, mpaka usingizi ukushinde kuushika. Saa nne mtaa mzima unanuka mawese yanayochemka na dagaa walioanikwa mchangani. Sisi watoto tulikuwa na zamu zetu: maji, ufagio, kugeuza dagaa, kufukuza kunguru. Mimi nilikuwa na zamu moja ambayo wenzangu hawakuwa nayo. Nilimwashia Bibi kiko.

Usishangae. Wanawake wazee wa Kiha wamevuta viko tangu zamani, waulize bibi zako. Cha Bibi kilikuwa cha mbao, cha Kiingereza, chekundu kama maini, na mdomo wake ulikuwa umetafunwa mpaka una mabonde ya meno yake. Nililichukua kaa la moto jikoni kwa vidole viwili, nalirusha mkono huu na huu nikikimbia, naliweka juu ya tumbaku, na Bibi anavuta mashavu ndani mpaka yanakutana. Halafu ananipulizia moshi usoni. "Haya, ondoka na mbu wako." Vidole vyangu hivi viwili havisikii moto mpaka leo. Mume wangu hudhani nimeumbwa hivyo.

Bibi alikuwa fundi wa viko vya Kizungu. Baba yake alikuwa boi wa bwana mmoja bandarini Kigoma, na bwana huyo alikuwa na kiko cha kila siku ya wiki, maana kiko nacho lazima kipumzike. Kazi ya baba yake Bibi, kila alasiri, ilikuwa kuvisafisha. Akajua kazi kuliko bwana mwenyewe, akamfundisha binti yake. Wazungu waliondoka, viko vikabaki: kwa makarani wa reli waliostaafu, kwa makatekista, kwa manahodha, kwa wazee wa ng'ambo ya ziwa waliopewa zawadi na mapadri. Kiko kikiziba, kikichacha, kikivunjika mdomo, wote walijua pa kupeleka. Ujiji, kwa bibi wa viko.

Laiti ungeona kazi yake! Kiko cha mbao kilikuja kimejaa masizi magumu kama lami. Bibi aliyakwangua kwa kisu kidogo, taratibu, akabakiza utando mwembamba kama ukucha, kwa sababu mbao ikiachwa uchi huungua. Kisha akalijaza bakuli la kiko chumvi ya mawe, akadondoshea gongo, akakiacha kilale. Kesho yake chumvi imekuwa nyeusi na kiko kinanuka vizuri kama mtoto aliyeogeshwa. Mdomo wa kiko, ule wa mpira mgumu uliogeuka kijani kwa jua, niliusugua mimi kwa jivu laini mpaka uwe mweusi tena. Mwisho nta ya nyuki na kitambaa. Gongo ilikaa chini ya kitanda cha Bibi, mwanamke wa swala tano, na jirani mtwanga chikichi hakuacha kumchokoza: "Bi mkubwa, leo viko vimekunywa ngapi?" Bibi anajibu bila kuinua kichwa: "Vimekunywa chako na cha mumeo."

Viko vya udongo ndivyo vilivyokuwa vyangu mwenyewe, tangu nina miaka saba. Havina ufundi. Unakizika kwenye makaa, unakaa, kinawaka ndani, masizi yote yanaliwa na moto, kinatoka cheupe pe kama siku kilipofinyangwa. Bibi alinifundisha kwa maneno manne tu: "Mbao huoga, udongo huungua." Nilikuwa nikiyaimba nikiruka kamba.

Maneno manne. Hakukuwa na la tano. Hapo ndipo tulipofia.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Sisi tunasema hivyo, "miaka ya wakimbizi", kama wengine wanavyosema mwaka wa njaa. Watu wa Burundi walishukia Kagunga, kijiji cha mpakani, mpaka mlima na maji vikawakosesha pa kukaa, meli ikawa inawaleta mjini kwa mafungu, wamechoka hadi watoto hawalii. Kutoka hapo mabasi, kambini. Tukaambiwa tuchemshe maji ya ziwa, kuna kuhara. Shuleni madawati yakajaa, na wapo watu wazima, waliojaa dini, waliowatukana wale watoto mbele yetu. Nakumbuka majina yao na leo wananisalimia barabarani.

Na kuna jambo lingine nitasema kama lilivyokuwa. Vita ya wenzetu ilikuwa soko letu. Mji ulijaa Wazungu wa misaada, na Wazungu hao walipenda viko vya kale. Wazee waliokimbia navyo walivitoa mfukoni wakaviuza, vikapitia kwa Bibi vioge kwanza. Tulikula samaki, migebuka ya kukaanga, siku za katikati ya wiki. Nilikuwa mtoto, nilifurahi.

Yule mama alifika mlangoni kwetu wakati wa jua kali, miguu imevimba, ana mtoto mchanga mgongoni. Hakupanda basi la kambini. Alikuja akiuliza njia nzima, "Bibi wa viko ni wapi?" kwa sababu baba yake, miaka ya nyuma, aliwahi kuleta kiko Ujiji, na alimwambia binti yake: ukifika kule hujui mtu, ulizia huyo. Bibi alimtazama, akatazama mtoto, akasema, "Ingia. Salamu baadaye." Akampa chumba cha stoo, kwenye madumu ya mawese.

Alikaa nasi wiki tatu. Alimwita Bibi "mukecuru", yaani bikizee, kwa heshima ya kwao, na mimi aliniita "mwana wanje". Mwanangu. Hakuna mtu aliyekuwa akiniita hivyo kila siku, na usiku nikawa nalala kwenye mkono wake. Alinisuka nywele vizuri kuliko mtu yeyote, taratibu, kila msuko anauvutia pumzi, na siku ya kwanza nilipogeuka nilikuta analia. Nikadhani nimemuumiza kwa kukaa vibaya. Akasema, "Ninaye mwingine kama wewe. Kichwa chenu ni kimoja."

Huyo mwingine alikuwa na miaka tisa, sawa na mimi. Alibaki ng'ambo. Siku ya kukimbia, mwenye boti alikataa kupakia zaidi. Mwenye mtoto mgongoni apande, wengine boti ijayo. Boti ijayo haikuwapo. Binti akaachwa ufukweni na shangazi yake. Na kule kwao, miezi ile, watu walikuwa wanachukuliwa kwa maneno matamu. Mtu anakuja nyumbani, anataja jina la baba yako, jina la mama yako, anasema nimetumwa nikufuate, unamfuata, huonekani tena. Kwa hiyo mama yule, maji yameshamfika magotini, alitoa kiko cha baba yake kilichokuwa kwenye fundo la kanga. Mzee alikuwa amekufa wiki chache nyuma. Akamwonyesha binti.

"Unakijua hiki?"

"Cha babu."

"Atakayekuja nacho, huyo nimemtuma mimi. Mfuate. Asiyekuwa nacho, hata akitaja jina langu, hata akilia machozi, kimbia."

Yule binti alikijua kiko kile kama mimi nilivyokijua cha Bibi. Kwao pia mtoto ndiye anayeweka kaa la moto. Alikuwa amemwashia babu yake tangu ana miaka mitano, na kwa kuwa alikuwa mfupi, akisimama upande uleule kila siku, makaa yake yalikuwa yameunguza ukingo wa bakuli mahali pamoja. Alama nyeusi kama nusu ya ukucha. Babu alikuwa akimtania: hapa umeandika jina lako, hata ukisahau kusoma utalisoma hili.

Haya yote yule mama alituhadithia. Sisi tulijua. Nataka ulikumbuke hilo.

Tulikuwa na jirani mwenye boti ya injini, mtu wa kupeleka sabuni na mawese ng'ambo na kurudi na chochote. Alikubali kwenda. "Napeleka sabuni narudi na mtoto wa kike," akasema, "mke wangu atanielewa kweli?" Yule mama akacheka, mara ya kwanza tumwone meno. Safari ikapangwa Ijumaa, baada ya swala. Kiko kilikuwa kimekanyagwa ndani ya boti siku ile ya kukimbia, mdomo umevunjika, umepotea. Jumatano asubuhi akampa Bibi.

"Mukecuru, mdomo tu. Bakuli liache lilivyo, hata uchafu wake."

"Nimesikia, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi, bakuli lilikuwa juu ya benchi la kazi, peke yake, na Bibi alikuwa ametoka kwenda kwa wachinjaji kutafuta pembe ya ng'ombe ya kuchongea mdomo mpya. Yule mama alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Nikalishika. Lilikuwa jepesi ajabu, rangi ya asali iliyokaa sana, limechongwa kucha za ndege zinazolikumbatia. Nikaligonga kwa ukucha. Siyo mbao. Basi kama siyo mbao ni nini? Udongo. Mbao huoga, udongo huungua. Nikaona masizi, nikaona na ile alama nyeusi ukingoni, na nikajisemea, huyu mama atakavyofurahi! Binti yake aletewe kiko kichafu hivi? Nitamtengenezea kiwe kipya. Atanisuka tena.

Sitakudanganya. Nimejiuliza mara nyingi kama moyoni kulikuwa na jingine, kama nilimtaka yule binti aje kweli, alale yeye kwenye mkono wa mama yake na mimi nirudi kwenye mkeka wangu. Sijui. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimepata mtu wa kuniita mwanangu. Najua tu kwamba mikono yangu haikusita.

Nikalizika kwenye makaa.

Udongo ukiungua hunuka vumbi la mvua. Hiki kilinuka nywele. Kwanza kikawa cheusi chote, kikatoa jasho, nta ikachuruzika ikashika moto. Nikapuliza, nikaongeza makaa, maana ndivyo tunavyofanya. Kisha kikaanza kuwa cheupe. Kikalia, tik, kama yai kwenye maji ya moto. Nilipokitoa kwa kibanio kilikuwa cheupe kama jino, na ukucha mmoja wa ndege umebaki ndani ya jiko.

Bibi aliingia na pembe yake mkononi. Aliketi kwenye kigoda, akakipokea juu ya upande wa kanga, akakitazama mpaka kikapoa.

"Hiki si udongo," akasema. "Hiki ni jiwe la Ulaya. Bwana wa baba yangu alikuwa nacho kimoja. Hakioshwi, hakichomwi. Unakifuta kwa kitambaa tu, na kila ukikivuta kinakunywa rangi, kidogo kidogo, miaka na miaka."

"Hukuniambia."

"Nimekiona kimoja maisha yangu yote. Ningekuambia lini?"

Hapo, msomaji wangu, kulikuwa na njia moja tu ya mtu mzima. Toka nyuma ya nyumba, mwambie mwenye mali: mwanangu, tumeharibu, tutafute alama nyingine, nguo yako, sauti yako, uende wewe mwenyewe na boti, lolote. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Siku mbili ni nyingi! Lakini Bibi alikuwa na sheria yake ya kazi, ambayo Ujiji nzima iliijua: mteja haoni kiko mpaka kiishe. "Fundi haonyeshi chungu kibichi." Sheria hiyo ilikuwa ya kulinda heshima ya kazi. Siku ile ilimlinda yeye na aibu yake.

Alikipaka mawese. Yakanywewa, ikabaki rangi ya homa ya manjano. Akapaka kahawa iliyochemshwa nzito, akapaka masizi ya sufuria. Kikawa na mabaka kama ngozi ya mgonjwa. Ufa ukaonekana zaidi. Akachonga mdomo wa pembe, mzuri kuliko wowote aliowahi kuchonga, akaupachika. Akaanza kukivuta. Alikijaza ile tumbaku kali ya kusokota ya Kasulu, mimi nikaweka kaa, akavuta. Kikaisha, akajaza. Kikaisha, akajaza. Jumatano yote, Alhamisi yote, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta, anatapika kwenye beseni, anafuta mdomo, "Lete kaa." Mwanamke mmoja alitaka kufanya kwa siku mbili kazi iliyomchukua mzee wa watu maisha yake. Kila nilipokigeuza kilikuwa cheupe vilevile, chenye uchafu juu.

Yule mama aliuliza kutoka uani, "Mukecuru, kimefikia wapi?"

"Nakijaribu kama kinavuta, mwanangu. Usiwe na haraka."

Alhamisi jioni nilimwambia Bibi, "Tumwambie." Akanitazama kupitia moshi. "Nyamaza. Mtoto wa miaka tisa ataangalia nini? Ataona kiko, atapanda boti."

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kiko cha Bibi ningekijua nimefumba macho, kwa kukigusa kwa ulimi tu. Nilijua mtoto wa miaka tisa anaangalia nini. Nikanyamaza, kwa sababu tulifundishwa kwamba mkubwa akisema nyamaza, unanyamaza.

Ijumaa Bibi alikishonea ndani ya kitambaa, mshono mzito kila upande, akamkabidhi jirani mkononi mwake mwenyewe. "Usifungue mpaka umwone mtoto." Yule mama alikishika juu ya kitambaa, akakibusu, akasema maneno ya kwao. Boti ikaenda. Jumamosi alifua gauni langu la buluu akaliomba kwa adabu, "Mwenzako avae akifika, wewe una jingine." Akalipiga pasi ya mkaa. Akapika maharage na ndizi, akaweka pembeni sahani moja, akaifunika.

Boti ilirudi Jumapili mchana. Tulikuwa ufukweni sote watatu, na yule mchanga wanne. Jirani alishuka peke yake, maji yanamfika kiunoni, akawa anafunga kamba kwa muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

"Shemeji," akasema, "amekataa."

Yule mama hakuelewa. "Nani amekataa?"

"Mtoto. Nilimkuta kwa shangazi yake, mzima kabisa, amevaa sweta ya kijani. Nikafungua kitambaa mbele yake. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakinusa. Akaniuliza, 'Alama yangu iko wapi?' Nikamwambia, mwanangu, alama gani? Mimi sijui alama. Akanirudishia kwa mikono miwili, na adabu yake yote, halafu akakimbia. Shangazi yake alimwita, nami nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Aliingia kwenye michikichi kama swala. Wenye bunduki wakatokea kule mwisho wa ufukwe. Nisamehe, shemeji. Nina watoto."

Akamkabidhi kiko. Yule mama alikitazama. Alipitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mmoja, anatafuta.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," akasema Bibi.

Nami nilikuwa nimesimama pale, nimeshika gauni lililopigwa pasi.

"Nilikuambia mdomo tu, mukecuru."

Basi. Hakutukana. Laiti angetukana. Alitaka kwenda saa ileile, jirani akakataa, akaapa kwamba ufukwe ule hautaki tena boti yake. Jumatatu alfajiri alimfunga mtoto mgongoni, akasema anakwenda Kagunga atafute wa kumvusha. Bibi alimshika mkono, akampigia magoti, mwanamke mzima wa Ujiji, akimwambia utakufa. Akajibu, "Yeye ndiye anayeningoja, siyo kifo." Mlangoni akanishika kichwa, akapitisha vidole kwenye misuko yake aliyonisuka mwenyewe. "Usome, mwana wanje." Hakujua. Alikwenda hajui. Kiko alikiacha kwenye madumu ya mawese, na gauni langu juu yake, limekunjwa.

Hatukusikia tena habari zake. Jirani alivuka mara moja baadaye, akakuta kile kijiji hakina watu, mapaa yameungua, hata kuku hakuna. Katekista mmoja aliyekuwa akienda kambini alituulizia huko, miaka miwili. Hayupo kwenye orodha yoyote, wala mama wala shangazi wala binti.

Bibi hakunichapa. Hakunigusa hata kwa neno. Alisema "mimi" pale ufukweni, na watu wa mtaani waliposikia baadaye ukweli wote wakamsifu kwa kunificha. Mimi sikumsifu. Alilichukua kosa la mtoto, ambalo lingesameheka, akalifunika na la mtu mzima, ambalo halisameheki. Kuchoma kulikuwa kitendo cha dakika kumi. Kunyamaza kulikuwa kwa siku mbili, huku mwenzako anaanika nguo hatua sita kutoka unapokaa. Nilimpenda Bibi. Alikufa nikiwa kidato cha pili, kifua kimekwisha, nikamwogesha mimi na mama. Nampenda mpaka leo na sijamsamehe, na ukinishauri nimsamehe nitakusikiliza, nitakukaribisha chai, na sitamsamehe.

Siku hizi hakuna anayevuta kiko Ujiji. Wazee wale wamekwisha, vijana wana sigara zao, chikichi inakamuliwa kwa mashine, mtaa hauna tena ile du, du, du ya asubuhi. Nyumba ya Bibi ina mpangaji muuza simu. Watu wa rika langu wakikutana husema, dah, tulikula utoto mtamu sisi, dagaa wa bure, ziwa la kuogelea. Na ni kweli, ulikuwa mtamu. Ndiyo hasira yangu yote. Ladha ya migebuka ile bado iko mdomoni mwangu na siwezi kuitenganisha na aliyeuza kiko chake ili sisi tuile.

Lakini ninayemfikiria zaidi, nikimsuka mwanangu, ni yule binti. Nikimpa uhai, na mara nyingi nampa, ana umri wangu. Yuko mahali, ng'ambo au kwingineko, ana watoto. Na jioni, wakiwa jikoni, wanamwomba awahadithie tena ile ya mwizi. Anawahadithia jinsi mtu mgeni alivyowahi kuja kwa boti, ana maneno matamu, ana kiko cha uongo, cheupe, anataka kumchukua. Na jinsi yeye, na miaka yake tisa tu, alivyokigeuza, akakinusa, akamshinda akili, kwa sababu alikuwa amemsikiliza mama yake. Wanawe wanampigia makofi. Kisha mdogo wao anauliza, "Na mama yako mwenyewe, hakumtuma mtu?"

Naye anawajibu bila kinyongo, maana amekwishazoea: "Hapana. Hakumtuma."